Ngano ya Mrututu

Siyu, Jumamosi, 20 Mfunguo Saba 1331

Naanza kwa jina la Mwenye kuotesha kilichofukiwa. Mume wangu Madi amerudi kutoka Lamu na pishi ishirini za ngano na karatasi ya Kizungu. Bwana wa boma anataka aandikiwe kila kitu: siku ya kupanda, siku ya kuota, mvua, wadudu. Mkono wa Madi ni wa jembe, kalamu humtoroka. Basi kazi imeniangukia mimi, Radhiya binti Mahmud, ambaye marehemu baba yangu, mnakili wa misahafu, aliniachia karatasi nyingi kuliko chakula. Nitaandika yote humu, kisha nitanakili pembeni yale yanayowahusu watu wa boma. Mengine ni yangu, na Madi hawezi kuyasoma.

Karani Kamaludin wa boma alimfasiria ile karatasi, naye Madi ameihifadhi kama dua. Ngano hii ni ya muhula mfupi. Haingoji baridi ndipo izae, kama zile nyingine za kwao. Ukiipanda leo unaivuna baada ya siku tisini na tano. Bua lake ni fupi, halipiti kiuno. Suke lake halina ndevu. Punje ni ndogo, nyekundu, ngumu. Haitaki maji yatuame miguuni mwake. Ikistawi, nusu tule sisi, nusu irudi boma iwe mbegu ya wengine.

Mavyaa wangu, Bi Kulthum, ameiangalia akasema mwongo wa kupanda, zile siku kumi za hesabu ya mwaka, haujaingia, na tangu lini watu wa Siyu wakapanda mkate. Lakini hana mbegu nyingine ya kutupatia. Mwaka jana mvua ilitunyima, mtama ukafia njiani, na ule wa mbegu tukaula. Mwanangu wa kiume alikufa Mfunguo Nne kabla hajaota meno. Amebaki Umi, miaka mitano. Shingo yake imekuwa nyembamba mno. Kila nikimsuka naiona, naogopa.

Jumanne, 23

Karatasi imeamuru mbegu ichovywe kwenye maji ya mrututu ili masuke yasije yakawa meusi. Madi ameifanya kazi hiyo uani. Ni mrututu ule ule, mawe ya samawati, tunaotia kwenye vidonda sugu. Punje zilipokauka zilikuwa na samawati kwenye mfuo wa tumbo.

Alituita sote tukasimama mbele yake, hata Umi.

"Hiki si chakula tena," alisema. "Hii ni sumu mpaka itoke mtangani. Mtu asiiguse. Na ni amana ya watu. Umenisikia, Radhiya?"

Nilimwambia nimesikia. Amelipandisha kanda la mbegu darini.

Alhamisi, 25

Madi amekwenda shamba kufyeka na kuchoma, atalala huko siku saba. Yuko na Hamdun, ambaye shamba lake limepakana na letu. Simpendi Hamdun. Sauti yake kubwa, na mizaha haimwishi. Akicheka kuku wa mtaa mzima huruka. Mtu mwenye njaa kama yetu akicheka vile, nahisi ana jambo.

Mavyaa amekwenda Pate, kwenye matanga ya dada yake. Nyumbani tuko wawili, kibaba kimoja cha mchele na nazi mbili.

Jumamosi, 27

Mchicha pori. Mchele umekwisha.

Jumapili, 28

Nimefanya jambo. Naliandika kwa sababu nikilibeba peke yangu litanivunja.

Asubuhi Umi hakuinuka. Nilimwita akageuza macho tu, kama alivyofanya ndugu yake siku mbili kabla ya kufa. Nilikwenda nyumba tatu kuomba; nyumba tatu zimenionyesha vyungu vyao vitupu. Nikarudi, nikapanda darini, nikafungua kanda, nikapima kibaba kimoja.

Nilijiambia hivi. Najisi kubwa kuliko zote ni chombo alicholamba mbwa, na chombo hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kikatoharika, mtu akala ndani yake. Mrututu utashindaje mate ya mbwa? Nikaziosha punje mara saba, moja kwa udongo mwekundu, na kila mara nikapiga bismillahi. Maji ya saba yalikuwa safi kama ya kunywa. Nikaanika, nikasaga, nikapika uji mwepesi. Umi ameunywa wote, akalamba na upawa.

Mimi sikuonja. Sijui ni uaminifu au ni woga.

Jumatatu, 29

Kibaba cha pili, nikaosha vile vile. Umi amekaa kitako akaniuliza baba yake yuko wapi.

Jumanne, 1 Mfunguo Nane

Kibaba cha tatu. Amecheka. Nimemshukuru Mungu nikaona akili yangu ni kubwa kuliko karatasi ya Mzungu.

Jumatano, 2

Kibaba cha nne kilimtoka chote, rangi ya kijani. Alijikunja kama kamba, akashika tumbo, akaniita mimi, mimi niliyemlisha. Nimemuua, nilisema kwa sauti, nyumba nzima ikanisikia na hapana mtu ndani yake. Nikamnywesha maji ya dafu, yakarudi. Nikampa tena, yakarudi. Baada ya alasiri yalitulia tumboni. Sasa amelala, pumzi zinakwenda, mkono wangu uko kifuani mwake huku nikiandika kwa mwingine, ndiyo maana herufi zimepinda.

Vibaba vinne ni pishi moja. Madi akirudi nitamwambia. Naapa nitamwambia.

Alhamisi, 3

Madi alifika pamoja na Hamdun, akateremsha kanda, akamtazama Umi akasema mbona amepauka. Nikasema tumbo. Hamdun alikuwa mlangoni akisubiri. Sikuweza kusema mbele ya Hamdun. Wakajitwika wakaenda. Kanda litalala kwenye banda la Hamdun, ndilo lisilovuja.

Ijumaa, 4

Mavyaa amerudi kutoka Pate, na kabla hajavua viatu alinipa habari iliyomkuta njiani.

"Mwanangu kaibiwa!" alisema. "Kapima mbegu yeo asubuhi, pishi kumi na tisa. Akapima tena, kumi na tisa. Kanda lilikuwa kwa Hamdun, na watu wana mato ya kuonea."

"Madi yuko wapi, Mama?"

"Katoka shamba akenda msikitini moya kwa moya. Baada ya swala kasimama kawaambia watu: aliyetwaa mbegu airudishe, ana Ijumaa tatu. Zikipita, Mwalimu Abdulqadir atasoma Halbadiri."

Nilikaa chini palepale. Mavyaa akadhani ni njaa, akanipa kipande cha muhogo wa matanga.

Halbadiri. Nikiwa mtoto niliona mtu aliyesomewa, mwizi wa mbuzi. Tumbo lilimvimba akafa akiwa anabweka. Ndivyo walivyosema. Hayo majina mia tatu na zaidi ya watu wa Badri yakishasomwa, hayana mtu wa kuyarudisha ila mwenye mali, na hayaulizi umri wala sababu. Huifuata mali ilikokwenda. Na mali imekwenda tumboni mwa mwanangu.

Jumamosi, 5

Wamepanda. Mistari, si mashimo. Mvua ya kwanza imenyesha adhuhuri.

Jumanne, 8

Madi amerudi amechoka. Nilifungua kinywa mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Nikimyua mwivi, Radhiya, kwanza nitamuuliza kama hakujua mwanangu ana ndaa." Machozi yalimlengalenga. Nikafunga kinywa.

Ijumaa, 11

Imeota, siku ya sita. Vijani vyembamba kama nyuzi, vimesimama wima. Madi amenichukua kuviona ili niandike. Kwa boma nimeandika: imeota vizuri, isipokuwa mistari minne ya mwisho haikupandwa, kwa upungufu wa mbegu. Ijumaa ya kwanza imepita.

Jumapili, 13

Nimepata fikra. Nimemwandikia wifi yangu Alawiya, Mkomani huko Lamu, aniletee pishi moja ya ngano nzima kutoka dukani. Nimesema ni ya dawa ya Umi. Nikiipata nitaiweka mlangoni mwa msikiti alfajiri. Mali itakuwa imerudi.

Ijumaa, 18

Ya pili. Mvua haikatiki. Alawiya hajajibu.

Jumatatu, 21

Imefika, imefungwa kwenye kitambaa safi na salamu nyingi. Nikafungua. Ni nyeupe. Nyeupe, nene, laini kwa jino, ngano ya Bara Hindi. Yetu ni nyekundu na ndogo. Hata kipofu angezitenganisha kwa vidole. Nikijaribu kuwadanganya nayo nitakuwa nimeiba mara mbili.

Nimeipika. Tumekula watu wanne, na Madi amemwombea dada yake dua.

Ijumaa, 25

Wamesoma.

Walikuja kusomea nyumbani kwetu, barazani, kwa sababu mwenye mali ni Madi. Mavyaa alifukiza ubani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, na kazi yangu ilikuwa kupika kahawa ya wasomaji. Nilipika kahawa ya watu wanaomlaani mwanangu. Sauti ya Mwalimu Abdulqadir ni nzuri, si ya kutisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi. Jina baada ya jina. Umi alikuwa mapajani mwangu akicheza na pete yangu. Nilimziba masikio. Akadhani ni mchezo, naye akaniziba yangu.

Walipomaliza, Mavyaa aliingia, uso umeng'aa.

"Haitavuka mavuno," alisema. "Ndivyo ilivyo. Kilichoibwa kikivunwa, mwivi kesha kwisha."

Ngano ya siku tisini na tano. Zimebaki sabini na tano.

Jumapili, 27

Umi amekohoa mara mbili.

Jumatatu, 28

Hakukohoa.

Jumamosi, 3 Mfunguo Tisa

Palizi. Kila mche umetoa watoto wanne, watano, shamba limefunga. Hamdun alipita akacheka, "Bwana Madi, hizi ni nyasi za mbuzi wa Mzungu!" Madi aliendelea kupalilia. Zamani wangecheka wote wawili. Watu wanamtazama Hamdun tumboni, wakisubiri livimbe.

Jumanne, 6

Mvua. Kidole cha Umi kimechubuka, nimekitazama mara ishirini.

Jumatano, 14

Mvua. Maji yanataka kutuama upande wa kusini. Nimekwenda na jembe nikachimba mfereji pamoja na Madi. Hamdun naye alikuja bila kuitwa, akachimba mpaka kiunoni, akaondoka bila kusubiri shukrani. Nikajiuliza: mimi simpendi mtu huyu kwa lipi?

Jumapili, 25

Mashina yamepanda hadi goti. Leo nilipita katikati yake, na nilipotoka kanga yangu ilikuwa na unga wa rangi ya manjano iliyoiva, kama manjano ya bizari. Nikatazama majani: vidonda vidogo, vimepasuka, vinatoa unga huo. Nikaugusa ukanishika vidoleni. Madi ameiita kutu. Kamaludin aliwahi kumwambia kwamba ngano ya mahali pa unyevu hushikwa na kutu.

Nilikimbia nyumbani nikamvua Umi nguo zote, nikamkagua mwili mzima, mgongo, kwapa, nyuma ya masikio. Hana kitu. Alicheka kwa kutekenywa. Halbadiri inaitafuta mali, nilisema. Imekwenda kwenye mbegu iliyopandwa ikaikuta si yenyewe. Sasa itakuja kutafuta iliyoliwa.

Jumapili, 3 Rajabu

Masuke yametoka, laini, bila ndevu, kama karatasi ilivyosema. Kutu imepanda majani ya chini yote. Siku hamsini na saba.

Ijumaa, 8

Ndege. Suke lenye ndevu huwachoma koo. Hili letu ni sahani iliyoandaliwa. Wanakuja kwa mamia punje zikiwa bado za maziwa. Madi amejenga dungu la miti juu ya shamba, akaa juu akipiga kelele na kuvuta kamba za makopo. Sauti imemkauka.

Jumatatu, 11

Madi ana homa. Hamdun amesema ataamia yeye, afukuze ndege. "Kelele ndiyo kazi niliyozaliwa nayo," amesema. Mavyaa hakutaka. Madi amekubali kwa sababu hana mwingine.

Alhamisi, 14

Hamdun ameanguka.

Dungu limelainika kwa mvua, mti mmoja ukakatika, akashuka nao. Mguu umevunjika chini ya goti, mfupa umetoka. Wamemleta mjini amelazwa juu ya ubao wa mlango. Nilisimama dirishani wakati wanapita naye. Hakuwa anacheka.

Mji mzima umelisema neno lile moja. Mavyaa ameingia akasujudu shukrani. "Imemshika! Nilikwambiani? Haikuvuka mavuno."

Sasa naandika kile ambacho sitamwonyesha mtu. Nilifurahi. Kabla sijamhurumia, kabla sijasema inna lillahi, nilihisi kitu kimenitoka mabegani, na nilimnyanyua Umi nikambusu shingo. Nilisema moyoni: imepata wa kumshika, imekwisha, mwanangu mzima. Mungu nisamehe. Nimelala mchana kama mtu aliyekunywa dawa.

Jumamosi, 16

Muunga mifupa amekataa kwenda kwa Hamdun. Amesema mguu uliovunjwa na watu wa Badri hauungwi na mkono wa mtu.

Jumatatu, 18

Kisimani nimemwona Khairiya, mkewe Hamdun. Alipofika, wanawake waliondoa ndoo zao zisigusane na yake. Mimi niliondoa yangu. Mkono uliondoa wenyewe. Khairiya aliona, akajaza maji, akaenda zake, shingo imenyooka.

Alhamisi, 21

Nimekwenda kwa Mwalimu Abdulqadir, nikazungumza naye kwa nyuma ya mlango.

"Mwalimu, Halbadiri yaweza kumpiga mtu ambaye si mwizi?"

"La. Haimpigi."

"Na mtu akianguka tu, kama watu waangukavyo?"

"Bi Radhiya, mimi nimesoma. Sikusema ni nani. Hilo wamesema watu."

"Na kama mwizi bado yuko, salama, ngano haijavunwa?"

"Basi na amche Mungu, aseme upesi, mwenye mali amsamehe. Mwenye mali akisamehe, nasi tunaomba iondolewe."

Nikarudi nyumbani. Kwa hiyo haijakwisha. Kwa muda huu wote watu wanaiona kwa Hamdun na hawaitafuti kwingine. Nikisema si yeye, nitakuwa nimeielekeza mwenyewe nyumbani kwangu kwa kidole. Nikinyamaza, mguu wa Hamdun utaoza. Khairiya ana watoto watatu.

Ijumaa, 22

Harufu ya mguu imefika njiani. Sikuandika kwa boma chochote.

Jumatatu, 25

Nimemwambia Madi.

Tulikuwa shambani. Homa imemwacha amekonda. Kutu imekula majani, masuke yanageuka rangi kabla ya siku zake. Nikasema yote kwa pumzi moja: darini, kibaba, mara saba, udongo, matapishi ya kijani. Nilitegemea anipige, na hajawahi kunipiga. Alikaa kwenye tuta.

"Mara saba?" akauliza.

"Saba. Moja kwa udongo."

"Na hukufa kwa khofu?"

"Nakufa kila siku, bwana. Ni wewe wa kusamehe. Samehe, tuwaambie watu, Hamdun aungwe mguu."

Alivunja suke, akalisugua viganjani, akapuliza. Punje zilikuwa nyembamba, zimekunjamana.

"Nyamaa," alisema.

Sikuamini nilichosikia.

"Nyamaa, Radhiya. Nimesamehe, hapa, Mungu shahidi. Lakini usimwambie mtu. Tukisema si Hamdun, watu watauliza ni nani, watamtaja Umi, kila mdomo utamtaja Umi, kila siku. Wewe wayua jina la mtoto likitajwa vile huwaye? Nimezika mmoya. Hamdun ni mtu mzima, ana nguvu, atapona."

"Hatapona. Ananuka."

"Nyamaa!" Akainuka akaenda upande wa pili wa shamba.

Miezi mitatu nimemwogopa mume wangu kama hakimu. Leo nimeona ni mtu aliyeogopa kama mimi, na sikufarijika. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 27

Miraji. Watu wamefunga. Niliomba nipewe ujasiri nikapewa kuumwa na tumbo.

Alhamisi, 28

Nilikwenda kwa Khairiya asubuhi. Nimebeba unga wa mtama wa kuazima. Alinifungulia nusu ya mlango. Nyuma yake nilimsikia Hamdun akiguna kwa kila pumzi.

Nikamwambia. Nilipofika kwenye mara saba alifumba macho.

"Mimi niliona ndoo yako siku ile," alisema.

"Najua."

"Unga wako sitaki. Na hapa mlangoni hukunifaa kitu, nimekusikia mimi peke yangu, nami nalijua tangu mwanzo kuwa mume wangu si mwivi. Enda kisimani. Waloondoa ndoo zao waambie wao."

"Khairiya, nina mtoto mmoja."

"Mimi nina mume mmoya." Akafunga mlango.

Nikarudi nyumbani, nikamshika Umi mkono. Sikumwacha nyumbani, niliona nikimficha nitakuwa nimesema nusu. Kisimani walikuwa wanawake kama kumi, na Mavyaa miongoni mwao. Nikasema: "Sikilizeni. Mbegu hakuiba Hamdun. Nimeitwaa mimi darini kwangu, pishi moja, nikamlisha huyu. Yeye ndiye aliyekula. Hamdun ameanguka kwa mti kuoza." Sauti ilinitoka ndogo, ikabidi nirudie, kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Mavyaa aliiachia kamba, ndoo ikarudi kisimani. Kisha mmoja, kisha mwingine, wakamtazama Umi tumboni.

Baada ya adhuhuri muunga mifupa amekwenda kwa Hamdun.

Ijumaa, 29

Madi hasemi nami. Analala shamba. Mavyaa hupika chungu chake mbali.

Jumanne, 3 Shaabani

Ngano imeanza kukatwa, siku ya themanini na saba, imekaukia kwenye kutu. Madi anakata peke yake kwa kisu, suke moja moja, kama mtama. Mguu wa Hamdun umefungwa. Wanasema huenda ukabaki kwake, mfupi.

Jumatano, 4

Umi ana homa.

Alhamisi, 5

Homa imepanda. Alikuwa akitetemeka meno yakigongana, halafu anaungua, halafu anatetemeka. Wakati wa mvua watoto wengi huwa hivi, najua, kila nyumba ina mmoja. Najua na haunisaidii kitu ujuzi wangu.

Mavyaa aliingia akakaa kitandani. Hakuwa na hasira, alikuwa akilia.

"Mwanangu, enda kakanushe," alisema. "Enda kisimani uambe ulisema uwongo, kitwa kilikuzunguka kwa ndaa. Waambie ni Hamdun. Itarudi kwake. Yeye mguu kesha vundika, haimpunguzii kitu. Kanusha, Radhiya, mtoto apone. Nami nitasema nilikuona umechanganyikiwa."

Madi alikuwa amesimama mlangoni, na makapi ya ngano kichwani. Nilimtazama aseme. Alitazama sakafu.

Nikaweka mkono juu ya kipaji cha Umi. Moto. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Naandika hapa ili isije ikadhaniwa nilikuwa shujaa. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha nikaiona ile ndoo yangu inavyoondoka kisimani, na nikajua kwamba nikimponya mwanangu kwa njia hiyo, kila nitakapomwona anacheza nitakuwa namsikia Hamdun akiguna.

"La, Mama," nilisema. "Amekula yeye, nimemlisha mimi. Si Hamdun."

Mavyaa akajifunika ushungi usoni. Madi akatoka.

Ijumaa, 6

Madi amesimama msikitini baada ya swala. Nimehadithiwa na Mwalimu Abdulqadir mwenyewe, aliyekuja hadi mlangoni. Madi aliwaambia watu: mtoto wangu amekula mali yangu kwa njaa, nimesamehe duniani na akhera, na Hamdun nimemdhulumu mbele yenu, kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu. Wakaomba iondolewe, msikiti mzima. Kisha Madi akenda kwa Hamdun, akakaa huko mpaka alasiri. Sijui walisema nini.

Homa haijashuka.

Jumamosi, 7

Hakunywa kitu. Anamwita ndugu yake, ambaye hata sikudhani anamkumbuka. Khairiya amekuja, hakusalimu, amekaa upande wa pili wa kitanda akichovya kitambaa na kumpangusa. Tulimpangusa kwa zamu mpaka jua likazama. Madi amemaliza kupura: pishi tisa na kibaba, kutoka pishi kumi na tisa za mbegu.

Jumapili, 8

Amelala tangu asubuhi, hasemi. Nimeweka kioo puani mwake nione pumzi.

Jumatatu, 9

Umi ameamka na njaa.